Ukurasa Usiosema

Muhiba Said alikuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika shule moja ya kibinafsi huko Embakasi kabla presha ya macho haijamnyang'anya nuru. Ilimjia kimyakimya. Alianza kugongana na wanafunzi kwenye milango akidhani ni uchovu, na alipokwenda kupimwa, jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha na la kulia liko njiani. Shule ilimvumilia muhula mmoja, kisha ikamkatia keki na kumuaga.

Aliishi na mumewe, Abdurahim, ghorofa ya nne ya jumba moja la kupangisha Tassia. Hawakujaliwa mtoto. Abdurahim alikuwa na kijiduka cha mapazia Eastleigh. Alitoka baada ya swala ya alfajiri, akarudi baada ya isha, na mchana kutwa mkewe alibaki peke yake na redio. Siku moja alirudi akakuta nyumba inanuka gesi, madirisha yote yamefungwa na Muhiba amelala kwenye kochi. Swichi ya meko ya gesi ilikuwa imegeuzwa nusu. Alimwamsha, akafungua madirisha, wala hakumkemea. Lakini tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila baada ya muda mfupi, na Muhiba asipopokea haraka, anapigia majirani.

"Mimi siwezi kumpimia mtu pazia huku moyo uko Tassia," alimwambia jioni moja. "Nenda Malindi kwa Aqsa. Kwa dada yako kuna watu nyumbani wakati wote. Mimi nitakuwa nikija."

"Niende Malindi nikafanye nini?"

"Ukae salama."

Muhiba alikataa, ila hakuwa na hoja. Kila alipotafuta sababu ya kubaki Nairobi alijikuta anataja mambo aliyokuwa akiyafanya zamani.

Hoja aliipata kwa Ochola. Huyu alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chama kimoja cha wasioona, naye mwenyewe hajapata kuona tangu azaliwe. Alimfundisha Muhiba kuandika bila kupapasa, kisha chama kikampa laptopu ya mitumba, nyembamba, isiyo hata na tundu la waya wa intaneti. Kwa kuwa mfumo wa kulipia ungeilemea, Ochola aliiwekea Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, na ndani yake mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Sauti yenyewe ilikuwa kavu, kama mtu mwenye mafua, lakini Muhiba aliizoea upesi.

Ochola huyohuyo ndiye aliyemwelekeza kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni ilikuwa inatuma rekodi za watu wakizungumza Kiswahili, pamoja na maandishi yaliyoandikwa na mashine, na kazi ilikuwa kusikiliza na kusahihisha. Mashine iliandika "changa moto" mahali pa "changamoto". Siku moja iliandika "mbuzi wa zamani" pale msemaji aliposema "mbunge wa zamani," Muhiba akacheka peke yake hadi jirani akagonga ukuta. Alikuwa hodari. Msimamizi, ambaye hakumjua ila kwa jina la kwenye ujumbe, alimwandikia kwamba kazi yake haina doa.

Abdurahim aliporudi usiku alimkuta ana habari za kumsimulia. Habari za Malindi zikakoma. "Kama kazi ipo," alisema, "basi ukae."

Kisha Alhamisi moja laptopu ilimwambia kwamba kuna masasisho. Muhiba aliyakubali kama alivyofundishwa, mashine ikajizima na kujiwasha, na ile sauti ya mafua ikamkaribisha kama kawaida. Alipotafuta mtandao, sauti ikamwambia hakuna kifaa cha waifai.

Aliuliza tena. Hakuna kifaa.

Alimpigia Ochola kwa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Simu yake kubwa ilikuwa imenyakuliwa kupitia dirisha la gari, na hawakuwa wamenunua nyingine.

"Kiini cha mfumo kimebadilika, draiva ya kadi yako imebaki nyuma," Ochola alisema. Draiva, kama alivyomfundisha darasani, ni ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kadi. "Bahati mbaya kadi hiyo ni ya wale watengenezaji wanaoficha siri zao. Draiva yake haiji na mfumo. Itabidi uipakue na kuiweka upya."

"Niipakue na nini, Ochola? Mtandao ndio sina."

"Hapo ndipo penye kazi," alisema. "Mzee ana simu ya intaneti?"

Abdurahim alikuwa nayo, lakini tundu lake la kuchajia lilikuwa limelegea. Waya ulishika pale tu mtu alipoukandamiza kwa kidole. Jumapili asubuhi waliketi mezani, simu imeunganishwa na laptopu, Abdurahim amebana waya kwa kidole gumba kama mtu anayezuia damu, Muhiba akiandika amri alizopewa na Ochola. Faili lilikuwa linashuka polepole. Kidole kilipoteleza kidogo tu, kila kitu kilikatika wakaanza upya.

"Basi tuwe tunafanya hivi kila jioni, ufanye kazi yako," Abdurahim alisema.

"Na kidole chako kitakula saa ngapi?"

Alicheka. Faili lilishuka. Lakini kabla draiva haijamaliza kujipanga, kijana wa dukani alipiga simu kwamba gari la vitambaa limefika na hakuna wa kupokea mzigo. Abdurahim akaondoka na simu yake.

Ochola alikuwa amemwonya Muhiba juu ya sehemu iliyobaki. Mashine hiyo ilikuwa na mlinzi anayekataa draiva ngeni. Ili kumridhisha, ilibidi atunge neno la siri, azime, awashe, na kabla mfumo haujaamka utatokea ukurasa wa kukubali ufunguo mpya.

"Ukurasa huo hausemi," Ochola alimwambia. "Sauti inakuwa haijaamka bado. Hata mimi hapo huwa naomba mtu mwenye macho."

Muhiba angeweza kumngoja mumewe. Hakutaka. Alitoka koridoni, akafuata ukuta hadi mlango wa tatu, akabisha. Hapo alikaa Nzembi, msusi kutoka Makueni, aliyekuwa akisukia wateja nyumbani kwake. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kanisani, na Muhiba alisikia viatu vyake vya kisigino vikija mlangoni.

"Mwalimu, kuna shida?"

"Nataka macho yako dakika chache tu. Unisomee kitu kwenye skrini."

"Twende. Lakini mimi mambo ya kompyuta, mwalimu, ni zii kabisa, sijui lolote."

"Wewe soma tu. Mengine niachie."

Mara ya kwanza ilipita. Nzembi alikuwa ameinamia vifungo vya viatu vyake, na alipoinua kichwa akasema kulikuwa na kitu cha bluu lakini kimeenda. Ukurasa ule hausubiri, usipoguswa mara moja unajiendea zake. Muhiba alirudia amri, akatunga neno la siri upya, akazima.

"Sasa usipepese hata jicho," alisema.

Walingoja. Feni ya laptopu ilivuma.

"Imekuja," Nzembi alisema. "Ni bluu yote. Inasema tubonyeze kitufe chochote. Na kuna namba zinashuka, nane, saba..."

"Bonyeza, Nzembi. Bonyeza."

"Nimebonyeza. Sasa kuna orodha. Ya kwanza inasema endelea kuwasha. Ya pili imeandikwa Enroll, halafu M, O, K."

"Hiyo ya pili, ya kusajili ufunguo. Shuka mara moja, kisha kitufe kikubwa cha kulia."

Walikwenda hivyo, mmoja anasoma, mwingine anaamua. Ilipofika pa neno la siri Muhiba alivuta laptopu mbele yake akaandika mwenyewe.

"Hakuna kitu kinaonekana, mwalimu. Uko sure inaandika?"

"Haionyeshi. Inasikia tu."

Mashine ilijizima, ikajiwasha. Sauti ya mafua ikasema imeamka. Muhiba alifungua mahali pa mitandao, na sauti ikaanza kuita majina ya nyumba zilizowazunguka moja baada ya jingine: Mama Brayo, Usiniombe Paswadi, Kware Fasta, Yesu ni Bwana, na jina la kwao, Ghorofa ya Nne. Nzembi aliposikia jina la pili alishika meza kwa kicheko.

"Huyo ni yule jamaa wa juu," alisema. "Hata chumvi hakupi."

Muhiba aliushika mkono wa Nzembi akakaa nao kitambo kizima, sauti ikiendelea kuhesabu majirani.

Alifanya kazi jioni hiyo, na kesho yake, na siku iliyofuata. Mzigo uliolimbikizana aliupunguza nusu. Kisha mtandao ukaanza kukatika. Mwanzoni ulikatika na kurudi, kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Baadaye ulipokatika, kadi yenyewe ilipotea kwenye mashine mpaka azime na kuwasha. Halafu hata kuzima na kuwasha hakukusaidia. Alimpigia Ochola, naye akamwomba afungue kumbukumbu za mfumo aweke simu karibu na spika. Kwa muda mrefu wasioona wawili walisikiliza sauti ile ikisoma mistari ya makosa.

"Si draiva tena," Ochola alisema mwishowe. "Draiva iko sawa. Kadi inakufa, mwalimu. Inaanguka yenyewe."

"Inaanguka kwa nini?"

"Vitu vya mitumba. Hatujui kilipita wapi kabla ya kuja kwetu."

Abdurahim aliibeba laptopu kwenda nayo Eastleigh, ndani ya mfuko wa mapazia ili isionekane. Jirani na duka lake kulikuwa na fundi mmoja, mwanamke aitwaye Ambaro, aliyetengeneza simu na kompyuta nyuma ya kioo chembamba. Ambaro aliifungua, akatoa ile kadi ndogo, akaweka nyingine nzima iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Aliwasha. Mashine ikaandika mistari miwili myeupe na kukwama hapo.

Abdurahim alimpigia mkewe. "Inasema kadi hii haijaruhusiwa. Inataka itolewe."

"Haijaruhusiwa na nani?"

Simu ilihamia kwa Ambaro. "Dada, hawa waliotengeneza mashine waliifunga," alisema. "Inakubali kadi zao tu, zile walizoziorodhesha wenyewe kiwandani. Za aina hiyo siku hizi hazipatikani, nimetafuta. Nitakurudishia yako ya zamani."

"Kwa hiyo mashine ni yangu, lakini si mimi wa kuamua ivae nini."

"Ndivyo walivyofanya," Ambaro alisema. "Jaribu kile kidude cha kuchomeka pembeni, cha USB. Hicho hawawezi kukizuia."

Abdurahim alinunua kidude siku ileile. Walikichomeka usiku huo. Taa yake iliwaka, Abdurahim alisema, ya kijani. Lakini sauti ilisema hakuna kifaa cha waifai, maana kidude nacho kilikuwa cha wale wanaoficha siri zao, nacho kilitaka draiva yake. Walirudi kwenye simu na kidole gumba. Tundu la simu, baada ya kubanwa sana ile Jumapili, sasa lilipokea chaji tu; kwa laptopu halikushika hata kwa kidole. Abdurahim alijaribu mpaka ukucha ukauma. Muhiba alimshika mkono akamwambia aache.

Ochola alimtajia aina ya kidude ambacho Linux inakijua bila kuombwa. Kila siku duka lilipopoa, Abdurahim alizunguka akiuliza. Wauzaji walijua rangi ya vidude vyao na urefu wa antena, lakini kilichokuwa ndani hakuna aliyejua. Kutoka huko dukani aliandikia pia kampuni kupitia simu yake, mara mbili, kwa Kiingereza alichokipima neno kwa neno, akieleza kwamba mke wake ni mfanyakazi wao, kwamba kadi ya laptopu yake imeharibika na anaomba subira. Jibu lilikuja upesi, linalofanana mara zote mbili: ahsante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali ingia kwenye akaunti yako uombe msaada. Na akaunti hiyo ilifungukia kwenye laptopu ya Muhiba tu, haikukubali simu wala mashine nyingine.

Siku hizo Muhiba alikaa mbele ya laptopu kana kwamba ana kazi. Ndani yake mlikuwa mmebaki rekodi moja aliyokwisha kuisahihisha na kuituma, ya mama mmoja akieleza jinsi mfereji wa kijijini kwao ulivyokauka. Aliisikiliza tena na tena. Alitafuta kosa alilolisahau. Halikuwepo. Aliondoa mkato mmoja, akaurudisha.

Nzembi alikuwa akipita kumuona kati ya mteja na mteja. "Bado?"

"Bado."

"Itakubali tu, mwalimu. Si ile siku ilikubali?"

Muhiba alisema insha'Allah, na Nzembi akarudi kwa mteja wake. Aqsa alipiga simu kutoka Malindi akauliza hali, asiguse habari ya safari, na huko kutogusa kukamuumiza Muhiba kuliko kuombwa.

Ijumaa moja Abdurahim alirudi mapema. Muhiba alimsikia akipanda ngazi kwa haraka isiyo ya umri wake. Hata viatu hakuvua. Alichomeka kitu ubavuni mwa laptopu, akarudi nyuma.

"Sema sasa," alisema.

Muhiba alifungua mahali pa mitandao. Sauti ikaita: Mama Brayo. Kware Fasta. Ghorofa ya Nne.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Alhamdulillahi." Pumzi zilimtoka kama mtu aliyetua gunia. "Yule muuzaji hakutaka nikijaribu kwanza kwa Ambaro. Nikamwambia sitoki hapa. Ngoja nikupikie chai."

Akaenda jikoni. Muhiba alivaa visikizi masikioni, akafungua ukurasa wa kazi, akaandika jina lake na neno la siri. Sauti ikamsomea kwa utulivu wake uleule. Kwa kuwa akaunti yake ilikaa bila kazi kupita muda unaoruhusiwa, nafasi yake imepewa mwingine. Walimshukuru kwa mchango wake. Kwa sasa hawapokei wasahihishaji wapya wa Kiswahili. Chini kulikuwa na mahali pa kuandika ujumbe. Aliandika kwa adabu, akaeleza yote, akatuma. Kabla maji hayajachemka jibu lilikuwa limeshafika: ahsante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali ingia kwenye akaunti yako.

Jikoni Abdurahim alikuwa anasaga iliki na kuimba kwa sauti ya chini puani, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mambo ya gesi. Muhiba alivua visikizi, akaviweka mezani, akangoja chai. Alimwacha anywe kikombe kizima.

"Abdurahim, kazi haipo."

"Mtandao si umeshika?"

"Umeshika vizuri. Nafasi wamempa mtu mwingine. Tulichelewa."

Aliomba asomewe, Muhiba akaiachia sauti isome kwa spika. Abdurahim alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe pale pa katikati.

"Waandikie tena. Waeleze ni kadi."

"Nimeandika."

"Kuna kampuni nyingine. Ochola anazijua."

"Nilimuuliza juzi. Ana wanafunzi wanaongoja tangu mwaka jana, na hao wana mtandao."

Abdurahim aliinuka, akakaa tena. Nje watoto wa jumba la pili walikuwa wanapiga mpira dhidi ya geti la bati.

"Hiki kidude nimekizungukia Eastleigh nzima," alisema, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya mtu anayejaribu kuelewa.

"Najua."

"Sikutaka uende, Muhiba. Usidhani nilitaka."

"Najua hilo pia."

Muhiba alifunga laptopu. "Mpigie Aqsa."

"Tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

Baada ya magharibi Abdurahim alipiga simu. Aqsa alifurahi akajizuia, akasema chumba kina dirisha la upepo na choo kiko karibu, hakuna ngazi. Muhiba alimshukuru.

Laptopu hakutaka kuibeba. Abdurahim aliipeleka kwa chama, Ochola akampa mwanafunzi aliyefuata, pamoja na kidude chake. Nzembi alikuja asubuhi ya safari kusaidia kukunja nguo, akauliza atarudi lini, na Muhiba akamwambia hajui. Nzembi alifunga zipu ya begi, akalibeba ghorofa zote nne mpaka chini bila kukubali kusaidiwa, kisha akaaga upesi, kwa kuwa mteja wake alikuwa ameshafika.

Wiki ya kwanza Muhiba akiwa Malindi, Abdurahim alipiga simu kila siku baada ya isha. Alimweleza habari za duka, za mteja aliyerudisha pazia kwa sababu ya rangi, za maji yaliyokatika Tassia. Muhiba alimweleza alichokula. Usiku mmoja, maneno yalipowaishia, Abdurahim aliuliza kama huko kwa Aqsa kuna mtandao.

"Upo," Muhiba alisema. "Nyumba nzima."

"Unashika vizuri?"

"Wanasema unashika vizuri sana."

Abdurahim akasema hayo ni mema, kisha wakatakiana usiku mwema.